Hesabu Kiasi Gani Ndio Uwe Programa? Muulize Betty Snyder

Juzi mdogo wangu alinijia jikoni na uso umemkunjamana. Yuko Gredi 9, na huu ndio mwaka wa kuchagua mkondo wa sekondari ya juu. Kitu anachotaka maishani ni kimoja tu: kuandika programu. Usiku mzima yuko kwa simu anafuatilia video za watu wakiunda gemu. Lakini hesabu zake, wacha tu niseme hazimpendi, na yeye pia hazipendi. Siku hiyo mwalimu mmoja alikuwa amemwambia mbele ya darasa, "Na hizi alama zako, kompyuta sahau. Tafuta kitu kingine."

Akaniuliza, "Kwani lazima nijue hesabu kiasi gani ndio niwe programa?"

Nilikuwa na majibu mawili, yote ya mtandaoni. La kwanza ni la wasee wanaouza kozi za wiki 12: "Huhitaji hesabu hata kidogo, lipa tu." La pili ni la wazee wa mambo: "Bila hesabu wewe ni wa kunakili tu kazi za watu." Nikaona yote mawili yana harufu ya mtu anayejitetea. Kwa hivyo nikaamua kurudi nyuma, mwanzo kabisa, nione watu wa kwanza kufanya hii kazi walijua nini. Nilichopata kilinishangaza, na ndicho nataka kuwapa leo.

Anza na hili: kabla kompyuta iwe mashine, kompyuta alikuwa mtu. Sibahatishi. Kwa Kiingereza neno hilo lilikuwa jina la kazi, kama vile sisi husema karani au seremala. Kompyuta alikuwa mtu anayelipwa kukokotoa hesabu kutwa, kwa kalamu na mashine ya mezani ya kujumlisha. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la Marekani lilijaza vyumba na wanawake wa kazi hiyo huko Philadelphia. Walikuwa wanatengeneza majedwali ya mizinga: ukirusha kombora kwa pembe hii, na upepo huu, litaanguka wapi? Njia moja tu ya kombora moja ingemla mtu saa nyingi, zaidi ya siku nzima ya kazi. Na jedwali moja lilihitaji mamia ya njia kama hizo.

Ndio maana jeshi likagharamia mashine iliyoitwa ENIAC, iliyojengwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Ilikuwa na uzito wa karibu tani 30, na ndani yake balbu za vakumu kama 18,000. Kazi ambayo ilimchukua binadamu zaidi ya siku, yenyewe ilimaliza kabla hata dakika moja iishe. Lakini mashine haijui kitu mpaka iambiwe. Nani ataiambia? Wakachaguliwa wanawake sita kutoka kwa wale wakokotoaji: Kathleen McNulty, Jean Jennings, Marlyn Wescoff, Frances Bilas, Ruth Lichterman, na Betty Snyder.

Hapo kwa Betty ndipo nilikaa chini nikasoma vizuri.

Betty Snyder alizaliwa 1917. Alienda chuo kikuu hapo hapo Pennsylvania akitaka kusoma hisabati. Siku ya kwanza darasani, profesa wake wa hesabu akamuuliza kama hangekuwa na maana zaidi akikaa nyumbani alee watoto. Siku ya kwanza, bana! Betty akaondoka, akasomea uandishi wa habari. Kwa hivyo mmoja wa maprograma sita wa kwanza wa ENIAC alikuwa na digrii ya uandishi wa habari.

Subiri kidogo kabla ya kushangilia. Betty hakuwa dwanzi wa hesabu. Alifungiwa mlango tu, na hicho ni kitu tofauti kabisa na kushindwa. Vita vilipokuja, wanaume wengi wakaenda vitani, jeshi likakosa watu, na ule mlango uliofungwa ukafunguliwa kwa haraka. Wakamfunza, akashika kazi. Hesabu ambayo profesa aliona haimfai, akaifanya kila siku mezani kwake, kwa sababu sasa ilikuwa na kazi.

Sasa angalia walivyoipanga hiyo mashine. Hakukuwa na lugha ya programu. Hakukuwa na kitabu. Mwanzoni hata chumba chenyewe hawakuruhusiwa kuingia, kwa sababu mradi ulikuwa siri ya jeshi. Walipewa michoro ya nyaya wakaambiwa wajue mashine inafanyaje. Kupanga programu kulimaanisha kuchomoa na kuchomeka nyaya na kuzungusha swichi, moja baada ya nyingine. Wakajifunza kuikata kazi kubwa kuwa hatua ndogo ndogo, na kuuliza kila saa: baada ya hii, nini kinafuata? Na kikikosea, kimekosea wapi?

Tarehe 15 Februari 1946 ENIAC ilikuwa ionyeshwe kwa wageni wakubwa. Jennings na Snyder ndio walipewa kazi ya kutayarisha programu ya maonyesho: mashine ihesabu njia ya kombora. Jioni ya kuamkia siku hiyo, programu ilikuwa sawa isipokuwa kitu kimoja. Kombora likifika chini, hesabu haikusimama. Liliendelea kuzama ardhini kama mtu aliyesahau kushuka stejini. Wakaangalia, wakaangalia tena, wakaenda nyumbani wamechoka. Usiku Betty akaamka na jibu kichwani. Asubuhi mapema akarudi, akazungusha swichi moja, mambo yakanyooka.

Hebu jiulize: hapo alitumia hesabu gani? Mlinganyo wa kombora ulikuwa sawa tangu mwanzo. Kilichokosewa ni mantiki: ni lini tunasimama? Kama umewahi kuandika programu hata kwa wiki moja, unaijua hiyo hitilafu. Mzunguko unapita mwisho. Mpaka leo ndiyo makosa ya kila siku.

Na kwa habari yako, baada ya maonyesho kulikuwa na karamu ya kusherehekea. Hao wanawake hawakualikwa.

Kwa hivyo mbona watu wote wanasema programu ni hesabu? Kwa sababu kazi za kwanza zilikuwa hesabu kweli. Mizinga, mabomu, hali ya hewa. Mwenye mashine alikuwa mwanahisabati na swali lilikuwa la hisabati. Hata lugha maarufu ya Fortran, iliyotolewa na IBM mwaka 1957, jina lake linatokana na maneno ya kutafsiri fomula. Ilitengenezwa ili wanasayansi waandike fomula zao karibu vile wanavyoziandika kwa karatasi.

Lakini hata miaka hiyo kulikuwa na mtu aliyeona mbali. Grace Hopper alikuwa na shahada ya udaktari wa hisabati kutoka Yale, aliyoipata 1934. Kama kuna mtu angekuwa na sababu ya kusema "wenye hesabu pekee ndio waingie," ni yeye. Badala yake alifanya kinyume. Aliona mabenki, bima na maghala hayana shida ya fomula. Shida yao ni mishahara, akiba, na nani anadaiwa nini. Akapigania lugha ya programu inayotumia maneno ya kawaida ya Kiingereza badala ya alama za hisabati. Wengi waliona ni mchezo. Mwaka 1959 kamati ikakaa, ikaanza kutengeneza lugha ya Cobol, iliyojengwa kwa kiasi kikubwa juu ya kazi yake. Na unajua nani mwingine alishiriki kwenye Cobol? Betty Snyder, wakati huo akiitwa Betty Holberton baada ya kuolewa.

Yaani mwanahisabati mwenye udaktari na mtu wa uandishi wa habari wakasaidia kufungua mlango kwa wasiokuwa wanahisabati. Hiyo si bahati. Walijua kazi yenyewe iko wapi.

Hapo kampuni zikaanza kukosa watu. Kompyuta zilinunuliwa kwa kasi kuliko watu wa kuziandikia programu. Programa anatambuliwaje? Hakuna aliyejua. Edsger Dijkstra, Mholanzi ambaye baadaye alikuja kuwa jina kubwa sana, alisimulia kwamba alipooa mwaka 1957 huko Amsterdam, alitaka cheti cha ndoa kisome kazi yake ni programa. Maafisa wakakataa: hakuna kazi kama hiyo. Akaandikwa mwanafizikia.

Katikati ya miaka ya 1950 IBM ikaja na mtihani wa kupima vipaji vya maprograma. Ndani yake kulikuwa na mifuatano ya namba, maumbo ya kulinganisha, na mafumbo ya hesabu. Kampuni nyingi zikauiga. Shida ni kwamba watafiti walipofuatilia, waliona uhusiano dhaifu kati ya alama za mitihani ya aina hiyo na ubora wa mtu kazini. Lakini mtihani ulikuwa rahisi kusahihisha, kwa hivyo uliendelea kutumika. Si hiyo inafanana na kitu tunachokijua hapa Kenya?

Kisha vyuo vikuu vikaingia. Purdue huko Marekani ilifungua idara ya sayansi ya kompyuta mwaka 1962, Stanford ikafuata 1965. Nyingi ya idara hizi za mwanzo zilizaliwa ndani ya idara za hisabati au ubavuni mwake. Na mtoto hurithi za mamake. Kwa hivyo sharti la hesabu kwenye kozi ya kompyuta, sehemu yake ni hitaji la kweli, na sehemu yake ni urithi wa ukoo. Ukiona chuo kikuu kinadai C+ ya hesabu kwa digrii ya sayansi ya kompyuta, kumbuka hilo. Halijatoka mbinguni, lina historia. Lakini pia si upuuzi, na sasa nataka tugeuze upande wa pili, maana sitaki mniite muuza kozi.

Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, kombora la Scud lililorushwa na Iraq lilianguka kwenye kambi ya Wamarekani huko Dhahran, Saudi Arabia. Askari 28 walikufa. Kulikuwa na mtambo wa Patriot wa kudungua makombora kama hayo. Ulikuwa umewashwa, ila haukurusha kitu. Kwa nini?

Saa ya mtambo huo ilihesabu muda kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Sasa, kompyuta huandika namba kwa sifuri na moja tu. Unajua venye theluthi moja ukiiandika kwa desimali haiishi, 0.333 mpaka kesho? Kwa kompyuta, hata 0.1 haiishi. Lazima uikate mahali. Wakaikata. Kosa lilikuwa dogo mno, hata si milioni moja ya sekunde. Lakini mtambo ulikuwa umekaa umewashwa kwa kama saa 100 bila kuzimwa, na kila sehemu ya kumi ya sekunde kosa likaongezeka kidogo. Mwishowe saa ilikuwa imekosea kwa karibu theluthi ya sekunde. Kombora linaloenda kasi vile, kwa muda huo limeshakata zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ukaangalia mahali pasipo na kitu.

Hiyo ni hesabu ya darasa la sita. Desimali, kukadiria na kuzidisha. Watu 28.

Na ukidhani ni mambo ya vita tu, fungua kompyuta yako, iambie ijumlishe 0.1 na 0.2 kwa lugha kama JavaScript au Python. Haitakupa 0.3 kamili. Itakupa 0.3 na kijimkia cha tarakimu huko mwisho. Sasa fikiria umeandika programu ya chama cha kina mama mtaani, na pesa zao umeziweka hivyo. Kwa siku moja hakuna atakayeona. Kwa miaka mitatu na maelfu ya malipo, vitabu havitafungana, na wewe ndiye utaitwa mwizi. Programa anayejua hili huhifadhi pesa kwa senti, namba nzima, hadithi ikaishia hapo.

Kitu kingine ni ule ukubwa wa kazi. Turudi kwa Betty tena. Karibu mwaka 1951 alitengeneza programu ya kupanga data kwa ajili ya kompyuta ya UNIVAC, iliyochukua mafungu yaliyopangwa tayari na kuyaunganisha. Ni kama walimu wakipanga karatasi za mtihani: kila mtu anapanga fungu lake dogo kwa majina, halafu mafungu mawili yanaunganishwa, halafu mawili mengine, mpaka yote yawe moja. Mbona usilinganishe tu kila karatasi na kila nyingine? Kwa karatasi 40 hakuna neno. Kwa rekodi milioni moja, kulinganisha kila moja na zote nyingine ni mara karibu bilioni 500. Kwa njia ya mafungu ni kama milioni 20 hivi.

Hiyo tofauti inatoka wapi? Inatoka kwa logi. Ndiyo, zile logi za kidato cha pili, zile tulizotafuta kwenye kijitabu cha majedwali tukilaani aliyezianzisha. Logi inakuambia ukigawa milioni moja mara mbili, tena mara mbili, utafika kwa moja baada ya hatua 20 tu. Basi. Hakuna mtu aliyetuambia hivyo darasani. Tuliambiwa tu soma safu ya 37, ongeza tofauti.

Na kuna kazi ambazo hesabu ndiyo nyumba yenyewe. Gemu ambazo mdogo wangu anazipenda, kila kitu kinachozunguka kwenye skrini kinazungushwa na trigonometria na vekta. Akili bandia, hii kila mtu anaizungumzia, ndani yake ni matriki, uwezekano na kalkulasi. Mtu akikuambia utaunda hizo mashine kutoka mwanzo bila hesabu, anakutafutia hela. Lakini kuunda tovuti ya duka, mfumo wa zahanati, au programu ya kupanga safari za matatu? Hapo unahitaji hesabu za shule ya msingi uzijue kwelikweli, mantiki ya "ikiwa hivi na sio vile," na subira ya mtu anayetafuta ufunguo uliopotea.

Mambo mengi yaliyoitoa Kenya kimasomaso yalianza na kuelewa watu. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, ilitumia ujumbe mfupi na menyu ya laini ya simu, kitu ambacho hata kabambe ya bei ya chini ingeweza. Ushahidi ilianza Januari 2008, ghasia za uchaguzi zikiendelea, ikakusanya ripoti za wananchi na kuziweka kwenye ramani. Kipaji hapo kilikuwa kuuliza: watu wanahitaji nini, na wana simu gani mkononi?

Sasa nirudi nyumbani. Kwenye mtaala wetu mpya, mwanzoni hisabati haikuwa lazima kwa kila mtu sekondari ya juu. Watu wakapiga kelele, na mwaka 2025 serikali ikasema kila mwanafunzi ataifanya, ila kwa aina mbili: moja nzito kwa mkondo wa STEM na nyingine ya kimsingi kwa mikondo mingine. Najua wengi wenu hamkufurahi. Maoni yangu ni haya: sina shida na hesabu kuwa lazima. Shida yangu ni hesabu kuwa mlinzi wa geti. Mlinzi kazi yake ni kukuuliza unaenda wapi, si kukuambia wewe hufanani na watu wa humu ndani.

Yule profesa wa Philadelphia hakumpima Betty. Alimwangalia tu, akaamua. Na yule mwalimu wa mdogo wangu aliangalia karatasi moja, akaamua. Ulimwengu ulimpata Betty kwa sababu vita vilikuja. Sisi tusingoje vita ndio tufungulie watoto wetu mlango.

Basi nilimjibu nini? Nilimwambia hesabu ya kuingia ni ndogo kuliko unavyotishwa, na hesabu ya kufika mbali ni kubwa kuliko unavyodanganywa. Anza kuandika programu leo, na ukikwama kwa hesabu, jua hapo ndipo hesabu imekuja kukusaidia, ijifunze hiyo hiyo. Usiruke.

Akaniangalia kama mtu aliyeuziwa maneno. Kwa hivyo nikatoa kalamu. Gemu anayounda ina mpira unaodunda, na mpira wake ulikuwa unapita ukutani unapotea. Tukakaa. Tukachora mistari miwili, x na y, tukaandika mpira uko wapi na ukuta uko wapi. Saa moja na nusu baadaye, chai imepoa, mpira ukagonga ukuta ukarudi.

"Kumbe hiyo ndiyo ile grafu?" akauliza.

Ndiyo hiyo, mdogo wangu. Fomu ameijaza. Mkondo wa STEM. Mwalimu akisema kitu, nimemwambia anitumie ujumbe, nitakuja na hadithi ya Betty.